Kapasita huchoka kabla hazijafa: pawa saplai za kompyuta katika hewa ya Mombasa

Kompyuta ya mezani ikikataa kuwaka, mafundi wengi wa mjini hukimbilia kulaumu mazabodi. Bodi inabadilishwa, mashine inafanya kazi kwa muda, kisha vituko vinarudi vile vile: inajizima katikati ya kazi, feni zinazunguka lakini skrini haina picha, au kitufe lazima kibonyezwe mara tatu ndipo iamke. Muda wote huo, kile kisanduku cha bati kilicho nyuma ya kasha, chenye feni na tundu la waya wa stima, hakuna aliyekigusa na mita. Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea, na data pia, kwa sababu pawa saplai iliyochoka haifi siku moja. Inaweza kulisha diski na prosesa umeme mchafu kwa miezi kabla ya kukata kabisa.

Kwanza tuelewane inafanya nini. Stima ya ukutani kwetu ni volti 240, hezi 50. Ikiingia kwenye saplai inapita fyuzi na kichujio, kisha daraja la dayodi linaigeuza kuwa umeme wa moja kwa moja wa karibu volti 340, unaohifadhiwa na kapasita moja au mbili kubwa. Zile saplai zenye saketi ya kurekebisha pawa fakta, yaani namna mkondo unavyovutwa kutoka ukutani, huupandisha hadi karibu volti 380. Baada ya hapo transista zinaukatakata umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde, transfoma ndogo inaushusha, na upande wa pili dayodi na kapasita nyingine zinausafisha hadi kuwa volti 12, 5 na 3.3. Kuna pia saketi ndogo ya pembeni inayotoa volti 5 za kusubiri. Hii haizimwi kwa kitufe cha mbele. Maadamu waya uko ukutani na swichi imewashwa, yenyewe iko kazini usiku na mchana. Ikumbuke hiyo, tutairudia.

Kanuni za ATX, yaani za umbo na umeme wa kompyuta za mezani, zilizotolewa na Intel mwaka 1995 na kuboreshwa mara kadhaa tangu hapo, zinaruhusu volti hizo tatu kupanda au kushuka kwa asilimia 5 tu. Kwa hiyo laini ya 12 iwe kati ya 11.40 na 12.60, ya 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, na ya 3.3 iwe kati ya 3.14 na 3.47. Ziandike kwenye karatasi uibandike ndani ya kisanduku chako cha zana. Kanuni hizo zinaweka mpaka pia kwa mtikisiko, yaani yale mawimbi madogo yanayobaki juu ya volti baada ya kusafishwa: milivolti 120 kwa laini ya 12, na milivolti 50 kwa zile mbili nyingine.

Joto ndilo adui wa kwanza

Kapasita za maji, zile za mviringo zenye kimiminika ndani, zina umri ulioandikwa na kiwanda. Nyingi zinazotumika kwenye saplai za kawaida zimeandikwa nyuzi 105, na umri wake katika joto hilo ni saa 2,000 hivi. Kanuni inayotumiwa na mafundi duniani kote ni kwamba kila ukipunguza nyuzi 10, umri unaongezeka maradufu. Fanya hesabu. Kapasita hiyo ikifanya kazi kwenye nyuzi 75 itakupa saa 16,000. Kwenye nyuzi 65 itakupa saa 32,000. Kompyuta ya ofisi inayowashwa saa 10 kila siku hutumia saa 3,650 kwa mwaka, kwa hiyo nyuzi 10 pekee ndizo zinazotenganisha saplai ya miaka minne na saplai ya karibu miaka tisa.

Sasa leta hesabu hiyo Mombasa. Wakati wa kaskazi, chumba kisicho na AC kinakaa nyuzi 31 hadi 33 mchana kutwa. Hewa ndani ya kasha la kompyuta inaweza kufika 40, na saplai inavuta hewa hiyo hiyo iliyokwisha pashwa moto na prosesa. Feni ikiwa imeshonwa na vumbi, kapasita zilizobanana karibu na dayodi za kutolea umeme zinapita nyuzi 65 bila taabu. Mashine hiyo hiyo kule Limuru kwenye baridi ingezeeka polepole zaidi hata kama ni ya kiwanda kimoja.

Zile saplai za bei ya chini kabisa huwekwa kapasita za nyuzi 85, na hapo hesabu inakuwa mbaya. Saa 2,000 kwenye nyuzi 85 ni saa 8,000 kwenye nyuzi 65. Saketi ya volti 5 za kusubiri inafanya kazi saa 8,760 kwa mwaka kama huzimi ukutani. Mwaka haujaisha, kapasita yake imekwisha. Ndiyo maana dalili ya kwanza ya saplai hizi mara nyingi ni ile ya "usiku ilikuwa sawa, asubuhi haiamki". Katika baadhi ya miundo ya zamani ya bei nafuu kuna jambo baya zaidi: kapasita moja ndogo ya saketi hiyo ikikauka, volti za kusubiri hupanda badala ya kushuka, na mazabodi inaungua kweli. Kuzima swichi ya ukutani kila jioni hakugharimu chochote, na kunaongeza umri wa sehemu hiyo zaidi ya kifaa chochote utakachouziwa.

Kapasita ikichoka, ukinzani wake wa ndani unapanda na uwezo wake wa kuhifadhi unashuka. Si lazima ivimbe. Wengi wanafungua saplai, wanaona vichwa vya kapasita viko bapa, wanafunga na kusema ni nzima. Kuvimba ni dalili ya mwisho. Kabla ya hapo ilikwisha kuacha kusafisha umeme, na mtikisiko unaofika kwenye mazabodi umevuka mpaka. Mita ya kawaida haitakuonyesha mtikisiko huo, kwa kuwa inasoma wastani. Osiloskopu ndiyo inayouonyesha, na kama huna, utauona kwa vitendo: kompyuta inayoganda ovyo, memori inayotoa makosa leo na kesho iko sawa, diski inayopotea kisha kurudi.

Chumvi, unyevu na wageni wenye miguu minne

Mtu aliye Nyali, Likoni au Mji wa Kale, hasa nyumba yenye dirisha linalotazama bahari, anajua bawaba za milango zinavyooza. Hewa ile ile inavutwa na feni ya saplai siku nzima. Chumvi inakaa juu ya bodi pamoja na vumbi, na chumvi hunyonya unyevu. Utando huo ukilowa unapitisha umeme kidogo mahali usipotakiwa kupita, na kwenye upande wa volti 340 umeme kidogo unatosha kuanza kuchoma bodi. Utauona kama mstari mweusi kati ya miguu miwili ya kifaa. Kwenye pini za plagi ya 24, ile kubwa inayoingia kwenye mazabodi, utaona rangi ya kijani au weupe kama unga; hapo mgusano umekuwa mbaya, pini inapata moto, na plastiki inayeyuka taratibu. Ukikuta tundu moja la plagi limegeuka kahawia wakati mengine ni meupe, usiisukume tena na kuifunga. Safisha pini kwa pombe ya isopropili, na kama imekwisha ungua, plagi hiyo haina kazi tena.

Mashine inayofanya kazi kila siku hujikausha kwa joto lake. Inayoteseka zaidi ni ile iliyofungiwa stoo tangu masika, halafu inatolewa na kuchomekwa moja kwa moja. Ukitoa kompyuta ya namna hiyo, ifungue, ipulize vumbi, iache siku nzima mahali pakavu penye feni, ndipo uiwashe.

AC nayo ina mtego wake. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini ya hapo. Kwa hiyo ofisi iliyopozwa hadi nyuzi 19, kisha AC ikazimwa na madirisha kufunguliwa, inalowesha bati na shaba ndani ya kompyuta zilizozimwa. Ni vile vile ukitoa mashine kwenye chumba baridi na kuipakia gari uipeleke kwa fundi Mwembe Tayari: ikifika, iache angalau saa mbili ipate joto la mahali hapo kabla ya kuichomeka. AC ya nyuzi 25 au 26 inatosha kabisa kwa kompyuta, na haina hatari hiyo.

Kisha kuna mjusi kafiri. Anapenda joto na giza, anaingia kupitia matundu ya nyuma ya kasha, na akigusa miguu miwili ya upande wa stima anakufa palepale akiwa ameunganisha nyaya. Fyuzi inakatika, na mara nyingi mosfeti, ile transista ya kukatakata umeme, inaondoka nayo. Mende na sisimizi ni hivyo hivyo. Yale mabati madogo ya nyuma yanayoziba nafasi za kadi, ambayo watu huyatoa na kuyatupa, yana kazi yake. Yarudishe. Pasipo na bati, kipande cha wavu mwembamba wa dirishani kinafaa, ila usizibe njia ya feni ya saplai yenyewe.

Stima ikipotea, na hasa ikirudi

Kupotea kwa stima kunakupotezea kazi ambayo hukuihifadhi. Kurudi kwake ndiko kunakovunja vifaa. Karibu na tundu la waya kuna thamista, kidude kama sarafu ndogo, kinachozuia mkondo mkubwa wakati kapasita kuu inajazwa. Thamista ikiwa baridi ina ukinzani mkubwa. Ikipata moto ukinzani unashuka ili isipoteze umeme bure. Sasa stima ikipotea sekunde chache na kurudi, kapasita imeshuka chaji lakini thamista bado ina moto, haizuii chochote. Mkondo mzito unapiga daraja la dayodi na fyuzi. Likirudiwa mara tatu nne ndani ya dakika moja, kama inavyotokea upepo ukitikisa nyaya, saplai dhaifu haivumilii.

Ndio maana ushauri ni mmoja: stima ikikatika, zima kompyuta ukutani. Ikirudi, ngoja dakika tano itulie. Zile gadi za friji zinazochelewesha stima zinafanya kazi hiyo kwa niaba yako na zinafaa hata kwa kompyuta isiyo na UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia kompyuta stima ikikatika. Varista iliyo ndani ya saplai, pamoja na ile ya kwenye ekstensheni yenye kinga, hunyonya mishtuko mifupi ya volti, lakini kila mshtuko unaipunguza nguvu. Ekstensheni ya kinga iliyotumika miaka mingi inaweza kuwa imebaki ekstensheni tu.

Upungufu wa volti nao una namna yake. Saplai yenye lebo inayosema volti 100 hadi 240 inavumilia stima ikishuka sana jioni. Iliyoandikwa 200 hadi 240 pekee itajizima, au kwa zile mbaya itaendelea kuvuta mkondo mkubwa zaidi na kuchemka. Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua ya kwanza.

Na ile swichi nyekundu ya nyuma yenye 115 na 230: ikikutwa kwenye 115, usiwashe. Upande huo saketi inageuka kuwa ya kuzidisha volti mara mbili. Kapasita mbili kubwa zilizotengenezwa kwa volti 200 kila moja zinapewa karibu 340 kila moja, na kinachofuata ni mlipuko, moshi na harufu isiyotoka chumbani siku mbili. Watoto huichezea, na mashine zilizotoka Marekani hufika zikiwa zimewekwa hivyo. Bandika utepe juu yake ikishakuwa kwenye 230.

Kuhusu UPS, kuna jambo ambalo halielezwi dukani. UPS ndogo za kawaida huchukua milisekunde 4 hadi 10 kuhamia betri. Saplai isiyochoka ina akiba ndani ya kapasita kuu ya kushikilia milisekunde 16 hivi ikiwa na mzigo kamili, na zaidi ya hapo mzigo ukiwa mdogo. Kapasita ikizeeka akiba hiyo inapungua, na siku moja kompyuta inazima stima ikikatika ijapokuwa UPS iko hai na inalia. Watu wanatupa UPS. Chomeka taa au kompyuta nyingine kwenye UPS hiyo kwanza. Kama inashika, mgonjwa ni saplai. Betri ya UPS nayo, ile ya volti 12 na ampea-saa 7, haipendi joto la kwetu, kwa hiyo usiiweke juani wala juu ya kasha la kompyuta. Na kumbuka kwamba UPS ya VA 650 hutoa wati 360 hadi 390 tu. Usiiunganishe printa ya leza, ambayo ikianza kuchoma wino huvuta mkondo mzito ghafla.

Waya wa ardhi ni sharti. Kichujio cha saplai kina kapasita mbili ndogo zinazounganisha laini (waya wenye stima) na nyutro kwa bati la kasha. Bila ardhi, bati hilo linakaa karibu nusu ya volti za ukutani, na ndiyo ile hali ya kompyuta "kuluma" ukiigusa peku sakafuni. Mkondo wenyewe ni mdogo, lakini unatosha kuua tundu la HDMI ukichomeka runinga mashine zikiwa zimewashwa. Kukata pini ya tatu au kutumia adapta ya pini mbili ni kujitafutia balaa. Ndani ya plagi, fyuzi ya ampea 5 inatosha kompyuta ya kawaida. Ukikuta imefungwa waya wa shaba badala ya fyuzi, badilisha leo.

Kununua: lebo, uzito, matundu

Namba kubwa ya wati iliyoandikwa ubavuni haina maana yoyote peke yake. Tazama jedwali la lebo, safu ya +12V. Kompyuta za leo huvuta karibu umeme wote kwenye laini hiyo. Ukikuta saplai imeandikwa wati 500 mbele, na kwenye jedwali laini ya 12 ina ampea 15, zidisha: 12 mara 15 ni wati 180. Hiyo ndiyo saplai unayonunua. Ya wati 500 ya kweli itakuwa na ampea 38 hadi 41 kwenye laini ya 12.

Inyanyue kwa mkono. Ya maana ni nzito, kwa sababu ina koili, vipoza joto vya alumini na kapasita kubwa. Nyepesi kama kasha tupu, iache hapo hapo. Chungulia ndani ya matundu kwa tochi ya simu, karibu na tundu la waya: panapotakiwa kuwa na koili na kapasita za kichujio, mara nyingi utaona nafasi zilizochorwa kwenye bodi lakini hazina kitu, zimeunganishwa kwa vipande vya waya. Hakuna kichujio, hakuna varista. Nyaya nazo zisome. Kwenye insulesheni pawe pameandikwa 18AWG, kipimo cha unene ambacho namba ikipanda waya ni mwembamba zaidi. Zilizoandikwa 20 au 22 ni nyembamba, zitapata moto.

Alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, inapima ufanisi, yaani umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Haipimi umri wala ubora wa kapasita, na vipimo vyake hufanywa kwenye nyuzi 23 hivi, hali ambayo chumba cha Kisauni hakiijui. Hata hivyo ina faida yake kwetu: saplai inayopoteza kidogo inachemka kidogo. Kilicho muhimu zaidi ni joto ambalo kiwanda kinaahidi wati kamili. Tafuta iliyoandikwa nyuzi 40 au 50. Iliyopimwa kwenye 25 itapungukiwa nguvu hapa.

Kwa maoni yangu, kwa kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya grafiki, saplai ya kiwanda iliyotoka ndani ya mashine ya Dell, HP au Lenovo ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, hata ikiwa na miaka saba, ni bora kuliko mpya isiyo na jina. Zimeandikwa wati 240 hadi 290 na zinazitoa kweli. Mashine yenyewe ya ofisi mara chache hupita wati 100. Ukitaka kuongeza kadi ya grafiki, chagua isiyohitaji waya wake mwenyewe, inayotumia wati zisizozidi 75 kupitia sloti. Ila angalia plagi: nyingi za mashine hizo hazitumii plagi ya pini 24, zina ya pini 8 au 6 ya kwao, na zinatoa volti 12 peke yake. Dell za miaka ya mwisho ya tisini na mwanzo wa elfu mbili zilikuwa na plagi inayofanana kabisa na ya ATX lakini nyaya zimepangwa tofauti. Ukiweka saplai ya kawaida, bodi na saplai zote zinaungua.

Kupima bila kuifungua

Anza na vitu vya kipuuzi: soketi, waya, swichi ya nyuma, ekstensheni. Kisha chomoa waya wa stima, toa plagi zote za saplai kwenye mazabodi na diski, uiweke mezani. Unganisha feni ya zamani au diski mbovu kama mzigo. Chomeka stima, weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi wowote. Waya wa zambarau wa plagi ya 24 lazima usome 5 papo hapo, kabla hujawasha chochote. Ukisoma 0, fyuzi au saketi ya kusubiri imekufa. Ukisoma 4.3, au namba inayochezacheza, kapasita ya saketi hiyo ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Chukua kipande cha waya, unganisha tundu la waya wa kijani na la mweusi wowote. Feni ya saplai izunguke. Pima manjano kwa 12, mwekundu kwa 5, rangi ya chungwa kwa 3.3. Waya wa kijivu uinuke hadi karibu 5 ndani ya nusu sekunde. Huo ndio unaoiambia mazabodi kwamba umeme umetulia. Usipoinuka, utapata ile hali ya feni kuzunguka bila picha, na bodi haina kosa.

Kipimo hiki kinatambua iliyokufa, hakitambui iliyochoka. Kwa iliyochoka, irudishe kwenye kompyuta, ingiza ncha ya mita nyuma ya plagi, upande wa nyaya, na usome laini ya 12 mashine ikiwa imetulia. Kisha ipe kazi nzito kwa dakika kumi. Kutoka 12.10 hadi 11.95 ni sawa. Ikishuka hadi 11.50 na kuendelea kuteremka kadiri inavyopata moto, umeipata, hata kama bado iko ndani ya mpaka.

Kuifungua na kuitengeneza

Hapa nasema kwa uzito: kapasita kuu inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 baada ya kuchomoa waya, na hiyo inaua. Vile virezista vya kuimaliza chaji huenda vimekatika. Ngoja dakika kumi, fungua bila kugusa bodi, pima miguu ya kapasita hiyo. Ikiwa juu ya volti 10, imalize kwa rezista ya kilo-omu 2, wati 10, yenye nyaya zilizofunikwa vizuri, ushike sekunde kumi, upime tena. Usitumie bisibisi kuiunganisha. Cheche yake inarusha shaba machoni. Asiye na mazoea ya volti kubwa aishie kwenye kubadilisha saplai nzima.

Fyuzi ikiwa imekatika, usiweke nyingine haraka. Fyuzi ya saplai haikatiki bure. Pima daraja la dayodi, kisha mosfeti kubwa za upande wa stima, na varista kama imepasuka. Ukishabadilisha, washa mara ya kwanza kupitia balbu ya zamani ya wati 60 au 100, ile ya uzi, iliyofungwa mfululizo na waya wa laini. Balbu ikimulika kidogo na kufifia, sawa. Ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, bado kuna shoti, na balbu imekuokolea mosfeti mpya.

Kapasita za upande wa pili zibadilishe zote pamoja, maana zimekula joto moja. Mikrofaradi iwe ile ile, volti ile ile au zaidi, nyuzi 105, aina ya ukinzani mdogo wa ndani, na kipenyo kinachoingia. Angalia ule mstari wa upande wa hasi, kwani ukizigeuza zinapasuka. Lehemu iliyo kwenye sehemu pana za shaba za ardhi ya bodi haiyeyuki kwa chuma cha kulehemu cha wati 25, tumia 60. Ogopa kapasita zilizong'olewa kwenye bodi nyingine na kuuzwa kama mpya: miguu yake ni mifupi na ina alama za lehemu.

Feni ikilia au kuzunguka kwa kusita, tone la mafuta ya cherehani litaiokoa miezi michache tu. Badilisha kwa ya volti 12 yenye ampea zinazolingana na zilizoandikwa kwenye ile ya zamani. Ya kimya yenye ampea 0.1 mahali pa 0.3 itaipika saplai. Upepo uelekee nje ya kasha. Kila miezi mitatu hadi minne, kwa nyumba ya karibu na bahari, puliza vumbi ukiwa nje, huku umeshika mapanga ya feni yasizunguke.

Mwisho, nyaya. Saplai zenye nyaya za kuchomoa hazina mpangilio mmoja wa pini upande wa saplai, hata ndani ya kampuni moja. Waya unaoingia sawasawa unaweza kupeleka volti 12 mahali pa 5, na diski inakufa na data yake sekunde hiyo hiyo. Saplai ikifa, tupa nyaya zake pamoja nayo, au zifunge kwa utepe ulioandikwa modeli kamili. Na zile adapta za kutoka plagi ya zamani ya pini nne kwenda ya SATA, ile bapa ya diski za kisasa, ambazo kichwa chake kimemiminwa plastiki kikawa kipande kimoja, usiziweke ndani ya kompyuta yoyote: nyaya zake hukaribiana ndani, na zina rekodi ya kushika moto. Ikibidi, tumia zile ambazo kichwa chake kimebanwa na kinafunguka, uone kila waya umekaa peke yake.